Simu nzima, mwenyewe hoi

Bi mkubwa mmoja alikuja kibandani kwangu Ngamiani, Tanga, akaitua simu yake mezani kama anayeshusha mzigo. Nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Hebu nitazamie hii. Inanichosha."

Nikaitia chaji, nikaipiga, nikafungua kamera, nikapima betri. Kioo safi, spika inalia vizuri, chaji inakaa. Nikamwambia, "Bibi, hii nzima."

"Nzima? Mbona usiku silali?"

Siku ile nilicheka, naye akacheka kwa heshima, akaondoka na tatizo lake. Baadaye nikaanza kuwatambua wengine wa namna yake: wanaosema simu inawapa presha, inawatia uvivu, inawagombanisha na watu. Wanataka niiflashi, yaani niifute yote na kuipakia programu upya. Ukiiflashi simu ya mtu mwenye mawazo, unamrudishia simu mpya na mawazo yale yale. Kwa hiyo nimeandika hapa dalili ninazokutana nazo meza hii, chanzo ninachokikuta mara nyingi, na tunachorekebisha. Mimi ni fundi, si daktari, na pale kazi yangu inapoishia nitasema.

Kabla ya kushika bisibisi

Fundi anayekimbilia kufungua kifuniko ataharibu kizima. Kwanza huulizwa: ilianza lini, ilikuwa inafanya nini, ilianguka? Moyo nao nauliza hivyo hivyo. Unaharibikiwa saa ngapi? Ukiwa kwenye programu gani? Na upande wa pili wa simu yuko nani?

Wengi hujibu "ah, simu tu." Hapo naomba siku tatu. Kila ukiiweka chini, andika neno moja mahali: mwepesi, mzito, hasira, wivu, usingizi, au hamna kitu. WhatsApp inakuruhusu kujitumia ujumbe mwenyewe, basi andika humo, saa inajiweka yenyewe. Kisha fungua mipangilio ya simu utafute Nidhamu Dijitali. Ndilo jina utakaloliona ukiigeuza Android yako iwe ya Kiswahili. Pale utaonyeshwa muda uliokaa kwenye kila programu, mara ulizoifungua simu, na arifa zilizoingia. Watu hutazama muda tu na kushtuka. Mimi natazama mara za kufungua. Mtu aliyekaa saa mbili akizungumza na dada yake aliyeko Mwanza hana ugonjwa. Aliyeifungua simu mara mia na ishirini na hakumbuki alitafuta nini, huyo ndiye tuzungumze.

Weka maneno yako ya siku tatu kando ya hesabu hizo. Dada mmoja muuza vitumbua aliapa kwamba TikTok ndiyo inayommaliza. Tuliposoma pamoja, akitoka TikTok aliandika "mwepesi" karibu kila mara. "Mzito" zote zilikuwa za kundi moja la WhatsApp, la michango ya harusi ambayo hakuwa na uwezo nayo. Tungefuta programu isiyo na kosa.

Dalili: unalala na simu, unaamka kama uliyepakua meli usiku kucha

Wakisikia habari ya usingizi, watu hukimbilia mwanga wa kioo. Ni kweli kwamba mwanga mkali usiku huuchelewesha mwili kutoa melatonini, ile homoni inayouambia kwamba giza limeingia. Lakini kugeuza kioo kuwa cha manjano huku unaendelea kubishana na shemeji yako kwenye kundi la ukoo ni sawa na kumpaka mafuta mtoto mwenye njaa. Kinachokukesha ni yale maneno.

Turudi kwa bibi. Alikuja tena, na safari hii niliuliza. Binti yake anafanya kazi za ndani Maskati. Saa ya kule imetutangulia kwa saa moja, naye hupata nafasi ya kupiga akishamaliza kazi, wakati huku watu wamelala. Bibi anaogopa kuikosa simu hiyo, kwa hiyo haizimi sauti kamwe. Na kwa kuwa mlango uko wazi kwa ajili ya binti, wanaingia wote: kundi la kikoba, la msikiti, la ukoo, na yule jirani anayesambaza dua na tetesi saa saba za usiku. Kila mlio bibi anashtuka akidhani ni Maskati.

Dawa ilikuwa ndani ya simu tangu alipoinunua. Mtie binti nyota kwenye orodha ya majina. Nenda kwenye Usinisumbue, ruhusu simu za wenye nyota peke yao, halafu ruhusu anayerudia kupiga: mtu yeyote akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu italia. Hiyo ni kwa msiba na hospitali. Kisha upange ijiwashe saa nne usiku na kujizima saa kumi na moja alfajiri. Kengele ya kuamka kwa kawaida hupita, lakini programu ya adhana hutuma arifa kama programu nyingine, kwa hiyo iruhusu kwa jina lake, usije ukanilaumu.

Jambo moja mafundi wengi hawalisemi: nyota hufanya kazi vizuri kwa simu ya kawaida. Simu ya WhatsApp kwenye baadhi ya simu hupita na kwenye nyingine haipiti. Usiamini, jaribu. Washa Usinisumbue, mpe mwenzako akupigie kwa WhatsApp, usikilize. Ya bibi haikupita. Tukaiacha WhatsApp nzima ipite, tukanyamazisha makundi moja moja hadi akabaki binti na watu wake wa karibu.

Kwa vijana chanzo ni kingine, nacho ni bei. Bando la usiku ni rahisi, basi mtu anakesha ili asipoteze megabaiti za shilingi chache, na kesho analala kwenye bodaboda yake akisubiri abiria. Ukipiga hesabu ya tripu zilizompita, bando lile ndilo ghali kuliko yote. Kama lazima ulitumie, panga ya kupakua kabla hujalala, acha simu ifanye kazi peke yake sebuleni, wewe utazame mchana.

Na kengele isiwe kisingizio. Saa ndogo ya mezani yenye kengele bado inauzwa. Simu ilale chumba kingine, au angalau upande wa pili wa chumba, uinuke ndipo uifikie.

Dalili: moyo unaruka kila simu ikilia

Hapa kuna vyanzo viwili, na havitibiwi sawa.

Cha kwanza ni chepesi. Kila kitu kwenye simu yako kinalia mlio mmoja: muamala, mama, kampuni ya simu inayotangaza bahati nasibu. Mwili hauwezi kutofautisha, basi unajiandaa kwa baya kila mara. Mpe mama mlio wake. Wape watoto wao. Vingine viwe kimya. Kundi la WhatsApp unaweza kulinyamazisha kwa saa 8, kwa wiki, au daima. Chagua daima, utaingia ukitaka. Ukiliweka kwenye kumbukumbu (Archive) halitarudi juu kila anapoandika mtu, maana tangu 2021 soga zilizowekwa huko hubaki huko. Kama unataka kutoka kabisa, tangu 2022 ukitoka wanaarifiwa wasimamizi tu, si kundi zima. Bado shangazi atajua, lakini atajua kesho, nawe utakuwa umelala.

Chanzo cha pili ni mkopo.

Kijana mmoja wa bodaboda alikuja na simu akitaka nimfutie kila kitu. Mkono unamtetemeka. Alikopa kwa programu moja ya mtandaoni, pesa ndogo tu, siku saba. Zikapita. Ukaanza ujumbe, ukaja wa vitisho, halafu baba mkwe wake akapokea meseji kwamba mkwewe ni tapeli. Baba mkwe! Kijana hakwenda kwao wiki mbili. Akisikia simu analegea magoti, hata kama ni abiria anamwita Mikanjuni.

Chanzo kiko mahali pamoja: siku alipoisakinisha, programu iliomba ruhusa ya orodha yake ya majina, naye akabonya kubali kama tunavyobonya sote. Orodha ikaondoka. Kwa hiyo kufuta programu leo hakurudishi kilichochukuliwa, na hakufuti deni. Kuiflashi simu ndiyo kabisa, unapoteza ushahidi.

Tulifanya hivi. Kwanza tulipiga picha za kioo, kila ujumbe wa tusi na kitisho, tarehe na namba zikionekana. Kisha tuliingia kwenye ruhusa za programu, tukaondoa majina, picha, meseji na mahali alipo. Tukaangalia kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali, na siku hizi ukopaji wa halali unasimamiwa na hiyo hiyo benki. Kusambaza taarifa za mtu hivyo kuna sheria yake, ya mwaka 2022, na kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Ujumbe wa utapeli, ule wa "tuma kwenye namba hii", unaripotiwa bure kwenda 15040.

Lakini kilichomrudishia usingizi hakikuwa lolote kati ya hayo. Nilimwambia, "Kaka, watangulie." Akakaa pale kwenye benchi langu, akarekodi ujumbe wa sauti mmoja: nimekopa, nimechelewa, mtapata meseji za kunichafua, msijibu wala msilipe chochote, namalizana nao mwenyewe. Akautuma kwa watu kumi na wawili, baba mkwe wa kwanza. Mzee akajibu baada ya dakika tano: "Sawa baba. Njoo Ijumaa ule." Kijana akavuta pumzi ambayo nadhani aliishikilia wiki mbili.

Mikeka ya mpira, yaani kamari za mechi, nitaipita haraka kwa sababu kila mtu anajifanya hana. Kama moyo unaruka dakika ya themanini na nane ya mechi ya Uturuki ambayo hujui hata majina ya wachezaji, huna haja ya fundi kukueleza chanzo. Ondoa programu, na laini yenye pesa mwachie mkeo mwishoni mwa wiki.

Dalili: unaiachia simu ukijiona umepungua

Nitajisema mwenyewe. Nilikuwa na mwenzangu tuliyejifunza ufundi pamoja, akahamia Dar, Kariakoo. Stetasi zake: duka la vioo, kiyoyozi, mashine ya kubandulia kioo ambayo mimi nimeiona kwenye video tu. Nilikuwa nazifungua asubuhi kabla ya kunawa uso. Halafu nafika kibandani, naitazama meza yangu yenye mguu mmoja wa tofali, nanuna hadi adhuhuri. Mteja akinisalimia namjibu kama ananidai.

Hakunikosea. Anatangaza biashara yake. Chanzo kilikuwa saa: niliyakutanisha mafanikio yake na tumbo langu tupu. Nilibonyeza jina lake nikalishikilia, nikanyamazisha stetasi zake. Hajui, na haimpunguzii kitu. Nikitaka habari zake nampigia, na kwa simu ananieleza kodi ya pango, ananieleza fundi msaidizi aliyemkimbia na simu tatu za wateja. Hayo kwenye stetasi hayamo.

Kwenye Facebook, Instagram na TikTok kuna tatizo jingine la umbile. Zamani ukurasa ulikuwa na mwisho. Mwaka 2006 mtu mmoja anayeitwa Aza Raskin alibuni ukurasa usiokwisha, unaojiongeza wenyewe kila unaposhuka, na miaka ya baadaye alijitokeza hadharani kueleza majuto yake. Kidole chako hakifiki chini kwa sababu chini hakupo. Usijilaumu kwamba huna msimamo. Weka chini yako mwenyewe. Nidhamu Dijitali ina kipima muda cha kila programu: ikifika dakika ulizotaja, ikoni inafifia na programu inajifunga hadi usiku wa manane. Ndiyo, unaweza kuongeza dakika ukitaka. Lakini lile sekunde moja la kuamua kuongeza ndilo ulilokuwa umenyang'anywa.

Ukitazama kitu kikakuudhi, bonyeza na ushikilie, useme hupendezwi nacho. Usikae unakisoma kwa hasira, kwani mashine haijui hasira na mapenzi. Inajua umekaa.

Dalili: tiki za bluu, jibu hakuna

Hii ni fupi. Amesoma, hajajibu, nawe umeshatunga kisa kizima kichwani. Zima taarifa za kusoma kwenye mipangilio ya faragha ya WhatsApp. Utazikosa na wewe za wenzako, na ndiyo faida yenyewe. Kwenye makundi zitabaki. Kama jibu lake ni la lazima, mpigie. Kama huthubutu kumpigia, tatizo haliko kwenye tiki.

Dalili: simu iko kimya, na ukimya unauma

Wanaolalamika kwamba simu inapigwa mno hunijia wengi. Wanaoumia kwa kutopigiwa hawaji, huwaona wanapokuja kununua chaja.

Mzee mmoja mstaafu, miaka mingi alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, watoto wake wako Dar na Arusha. Walimnunulia simu janja nzuri, wakamfungia bando la mwezi, wakaona wametimiza. Mzee anatazama video za watu asiowajua kutwa nzima barazani. Baiskeli yake imeegemea ukuta, tairi zimelala. Mtu wa Tanga na baiskeli iliyolala, hapo pana ugonjwa.

"Shikamoo mzee. Unampigia nani kwa hiyo simu?"

"Nimpigie nani, baba? Wana kazi zao. Nitawasumbua."

Simu ile ile inaweza kutibu, ila ipangwe upya. Tuliondoa ukurasa wa mbele wote uliojaa vikorokoro. Tukaweka picha sita za nyuso: watoto watatu, dada yake wa Pangani, rafiki wa kazini wa zamani, na imamu. Ukigusa uso, inapiga. Kisha tukaweka kikumbusho kila siku baada ya laasiri: mmoja. Mmoja tu kwa siku, na apige, asiandike, kwani sauti hubeba kicheko na kikohozi, na mtu akikohoa umeshapata la kumuuliza. Yule rafiki wa zamani kumbe anaishi Makorora, mwendo wa baiskeli. Walikuwa hawajaonana tangu wastaafu. Siku hizi wanakutana kwenye kahawa jioni, na simu wanaiweka chini ya kashata.

Mambo mengine madogo ninayowawekea watu wa aina hii. Redio ya FM: simu nyingi za bei ya kawaida zinayo, haili bando, ila lazima uchomeke waya wa masikioni kwa sababu ndio antena. Sauti ya mtu anayezungumza ndani ya nyumba tupu ina kazi yake. Picha moja kwa siku ya kitu kilichokupendeza, si cha kutuma: mashua zikirudi, machungwa ya Muheza yamepangwa mafungu, paka wa jirani. Na kipima muda cha dakika tano kwa siku ambayo kifua kimebana: vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, pole pole, kama sekunde moja kila hesabu. Hiyo ni pumzi sita kwa dakika, na utoaji ukiwa mrefu kuliko uvutaji, mapigo ya moyo hushuka. Hakuna haja ya kununua programu ya kigeni kwa hilo.

Watu wananiuliza juu ya zile programu za kupima hisia, na akili mnemba ya kuzungumza nayo usiku. Jaribu ukitaka, kuandika yaliyo moyoni kunasaidia, hata ukimwandikia ukuta. Ila kabla hujaandika siri, angalia imeomba ruhusa gani, kwa nini programu ya kupumua inataka orodha yako ya majina. Na kumbuka kwamba haitakuja na chupa ya uji ukilazwa.

Dalili ambazo si za simu

Hapa naweka bisibisi chini.

Kama huzuni, au kutojali chochote kilichokuwa kikikufurahisha, imekukaa sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi. Kama usingizi na hamu ya chakula vimeondoka hata simu ikiwa imezimwa. Kama huwezi kuamka kufanya kazi. Hayo yana matibabu, nayo hayamo kwenye mipangilio. Anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, useme waziwazi kwamba ni mawazo na usingizi. Usiseme kichwa kinauma ukapewa panadoli. Kwa hapa mjini, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Bombo. Namba 199 ni ya Wizara ya Afya, bure, unaweza kuuliza pa kuanzia. Mtoto au anayemjali mtoto ana 116, bure pia.

Kama unawaza kujidhuru au kujiua, usibaki peke yako na simu. Itumie kwa kazi moja: mpigie mtu anayeweza kufika ulipo sasa hivi, umwambie neno hilo hilo bila kulizungusha. 112 ni ya dharura. Na kama wewe ndiye uliyepigiwa, usianze kumpa mawaidha wala kumlaumu. Mwambie "nakuja", umweke mtu mwingine akae naye kwenye laini, uende. Ondoa dawa na sumu za shambani karibu naye, mpelekeni hospitali pamoja.

Wenzetu wa Zimbabwe tangu 2006 wana mabenchi nje ya vituo vya afya ambapo mabibi waliofundishwa hukaa na kumsikiliza mtu. Ugonjwa wenyewe wanauita kwa Kishona kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Nilipousikia nikasema hao ni ndugu zetu kabisa. Sisi mtu akiugua hivyo tunasema ana mawazo, kisha tunanyamaza. Benchi langu la wateja lina nafasi ya watu wawili na nusu. Nimeacha kulijaza maboksi ya chaja.

Dalili: huwezi kufuta, huwezi kusikiliza

Hii nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo inayonichukua muda mrefu kuliko zote, na simtozi mtu.

Mwanaume mzima analeta simu imekufa, kioo kimepasuka, bei ya kuitengeneza inazidi thamani yake. Namwambia nunua nyingine. Anasimama tu. Halafu anasema polepole kwamba ndani mna sauti za mama. Mama alikuwa hajui kuandika, kila kitu alituma kwa sauti: umekula, njoo na dagaa, mbona kimya. Amefariki mwaka jana. Hajawahi kuzisikiliza tangu mazishi, na hawezi kukubali zipotee.

Wengine wana shida ya upande wa pili: simu inawaletea marehemu bila hodi. Unafungua asubuhi, programu ya picha inakuonyesha "kumbukumbu ya siku kama ya leo", naye anacheka pale ufukweni Raskazone. Kwenye Google Photos unaweza kuingia mipangilio ya kumbukumbu ukaficha uso wa mtu au tarehe fulani. Kuficha hakufuti. Picha zinabaki mahali pake, zinangoja uzifuate wewe. Mwambie mtu hivyo, mara nyingi macho yanalowa kwa nafuu.

Kuhusu sauti: kwenye Android, ujumbe wa sauti wa WhatsApp hukaa kama faili ndani ya simu. Fungua kidhibiti faili, ingia Android, kisha media, kisha folda ya com.whatsapp, ndani yake WhatsApp, Media, na mwisho WhatsApp Voice Notes. Utakuta folda zimepangwa kwa mwaka na wiki, na majina ya faili yana tarehe, yakiishia na opus. Ukizungumza na watu wengi, kumtafuta mmoja humo ni kupembua mchele. Njia rahisi, kama simu bado inawaka, ni kufungua soga yake, kushikilia ujumbe, na kuutuma nje mmoja mmoja. Kazi ya kuchosha, lakini hapo unakuwa na hakika ni yeye.

Usisubiri simu ife. Kama kioo kimeanza kuchora mistari, leta leo. Kutegemea nakala ya WhatsApp pekee si salama: nakala mpya hufunika ya zamani, na ukibadilisha namba au kusahau akaunti, umekwama.

Yule bwana simu yake iliwaka baada ya kuibadilishia kioo cha kuazima. Tulikuta sauti arobaini na moja. Sikuzifungua, nilimpa waya wa masikioni, nikamwambia achague moja fupi tu, ahakikishe inalia, nyingine ataamua mwenyewe lini. Akakaa kwenye benchi akiitazama barabara. Baiskeli zinapita. Nikaona anatabasamu, kisha akaweka mkono usoni.

Nakili mahali pawili: kadi ya kumbukumbu au flashi, na simu ya ndugu mwingine. Badili jina la kila faili uandike ni nani na mwaka gani, kwani wanao hawataijua sauti hiyo. Halafu zicheze kwenye simu nyingine, moja moja, kabla hujafuta chochote kwenye ya zamani.